Kununua Shamba Likiwa Kijani: Wahitimu, Ajira na Deni

Wakulima wa Ufipa wanaijua biashara ya kuuza mahindi yakiwa bado shambani. Mwezi wa kwanza umebana, ada ya mtoto inadaiwa, ghala limebaki vumbi. Mnunuzi anakuja na pesa taslimu, anazunguka shamba, anakadiria magunia, analipa. Mavuno yakifika analeta gari lake, mzigo ni wake. Kule Kagera biashara ya namna hiyo kwenye kahawa ina jina kabisa, wanaiita butura. Kila mtu anajua kwamba aliyeuza kapunjwa. Na kila mwaka watu wanauza.

Wajapani nao wana neno lao, aotagai, yaani kununua shamba la mpunga likiwa bado kijani. Ila ukilisikia likitajwa Tokyo siku hizi, usidhani wanaongelea mpunga. Wanaongelea vijana wa chuo kikuu. Kampuni inamwendea mwanafunzi kabla hajamaliza, inamfunga kwa ahadi, halafu inasubiri aive.

Nimekuwa nikilifikiria neno hili tangu nilipoanza kuandika habari za ajira za vijana huku Rukwa. Hapa Milanzi, na katika kata nyingine za Manispaa ya Sumbawanga, mhitimu wa chuo kikuu anayeendesha bodaboda si habari tena. Habari ingekuwa mtu kuja kumnunua akiwa mbichi. Lakini ukirudi nyuma miaka 60 hivi utakuta jambo ambalo vijana wengi wa leo hawalijui: nchi hii nayo ilikuwa ikifanya aotagai, tena kwa nguvu kuliko Mitsubishi.

Tuanze na Wajapani, halafu tuje kwetu.

Mtindo wao una zaidi ya miaka 100. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 kampuni kubwa kama Mitsui na Mitsubishi zilianza kuchukua vijana moja kwa moja kutoka vyuoni, na katika karne ya 20 hilo likawa ndilo lango kuu la kuingilia kazini. Mwaka wa masomo unaisha Machi, na tarehe 1 Aprili vijana wote wanaingia kazini siku moja, wamevaa suti nyeusi zinazofanana, wanapokelewa kwa hotuba. Miezi kadhaa kabla, kwa kawaida tarehe 1 Oktoba, wanakuwa wamekwishapewa ahadi rasmi inayoitwa naitei. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Japani iliamua, katika kesi iliyohusu kampuni ya uchapaji ya Dai Nippon, kwamba ahadi hiyo ni mkataba wa kazi. Kampuni ikiivunja bila sababu ya maana, ni sawa na kumfukuza mtu kazi.

Shika hilo neno mkataba, tutalirudia.

Jambo la pili ni kwamba kampuni haimuulizi kijana huyo uzoefu. Atautoa wapi? Amesoma fasihi, leo yuko kwenye bima. Amesoma sheria, kesho anapelekwa kiwanda cha magari kitengo cha manunuzi. Kazi atafundishwa na yule aliyemwajiri, kwa gharama za aliyemwajiri. Ndiyo maana kampuni ziligombania vijana wabichi. Katika miaka ya 1950 vyuo na waajiri ilibidi wakubaliane tarehe ya kuanzia usaili, maana kila kampuni ilitaka kumwahi mwenzake. Makubaliano yale yakavunjwa kila mara, hadi yakafutwa miaka ya 1990.

Mfumo huo una ukatili wake. Lango linafunguliwa mara moja tu. Ukimaliza chuo mwaka mbaya, umeumia kwa miaka mingi. Mwongozaji Ozu Yasujiro alitoa filamu mwaka 1929 kuhusu kijana aliyemaliza chuo kikuu na kukosa kazi. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa kama Chuo Nimemaliza, Lakini. Kijana anamdanganya mama yake kwamba amepata kazi. Mama anafunga safari kuja, tena na mchumba wa mwanawe. Sehemu kubwa ya filamu hiyo imepotea, zimebaki dakika chache tu. Lakini lile jina peke yake linatosha. Lile "lakini" la mwisho linaeleweka vizuri sana huku kwetu.

Sasa twende kwetu.

Ufipa ilijua kuajiriwa kwa mkataba kabla haijajua shahada. Wakati wa mkoloni wa Kiingereza, mikoa ya magharibi na kusini ilikuwa shamba la kuvuna watu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha SILABU, ofisi yao ya kutafuta vibarua. Mawakala wakazunguka vijijini, wakachukua wanaume, wakawapeleka Tanga na kwingineko. Mtu alipewa namba, na hiyo namba ikawa jina lake: manamba. Alitia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Mkataba ulikuwepo, lakini ulimbana upande mmoja zaidi ya mwingine.

Wachache walisoma. Wamisionari wa White Fathers walikuwa Karema tangu 1885, na shule zao zilizoenea Ufipa ndizo zilizotoa makatekista, walimu, makarani na mapadri. Huko nako kijana alichaguliwa angali mdogo, akalelewa kwa ajili ya kazi maalumu, akapangiwa kituo. Ila hao walikuwa wa kuhesabika.

Ndiyo hali iliyokuwepo nchi nzima uhuru ulipofika. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Waingereza walipoondoka waliacha wahandisi wawili na madaktari 12. Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria ambao hawakufika hata 20. Hebu fikiria nchi yenye watu milioni kadhaa, ofisi za kujaza kila wilaya, na darasa moja la watu hao.

Serikali ikafanya kile ambacho mwajiri mwenye njaa ya watu hufanya: ikanunua shamba likiwa kijani. Wataalamu walihesabu nchi inahitaji watu wangapi wa kila fani, na Mpango wa Miaka Mitano wa 1964 hadi 1969 ukaweka lengo kwamba ifikapo 1980 Tanzania ijitosheleze kwa wataalamu wa ngazi ya juu. Ufadhili wa masomo ukagawiwa kwa fani. Wanaotakiwa kuwa walimu ni idadi hii, wahandisi idadi ile. Mwanafunzi aliyefadhiliwa alitia saini kwamba akimaliza ataitumikia serikali kwa miaka 5, popote atakapopangiwa.

Muulize mzee yeyote aliyemaliza Mlimani miaka ya 1970. Atakwambia hakuandika barua ya kuomba kazi. Barua ilimtafuta yeye. Wengine walijua kituo chao kabla hawajaona matokeo ya mwisho. Hakuna aliyewauliza uzoefu wa miaka mitatu. Uzoefu wangeupata kazini, chini ya bosi aliyekuwa na wajibu wa kuwafundisha.

Tusiupambe sana wakati huo. Mkataba ule uliuma, na siku ulipouma zaidi ni 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wa vyuo na wa kidato cha sita watakwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2: miezi 5 kambini, halafu miezi 18 kwenye kazi zao wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wapatao 400 waliandamana hadi Ikulu wakiwa na majoho yao. Bango moja lilidai kwamba afadhali enzi za ukoloni. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akaagiza warudishwe makwao. Palepale akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Wengi wa wale wanafunzi waliruhusiwa kurudi baada ya kukaa vijijini kwa muda.

Kisa hiki huwa kinasimuliwa kama kisa cha wasomi wenye tamaa na kiongozi mwadilifu, au, ukikisikia kwa walioandamana, kama kisa cha vijana wenye hoja na mtawala asiyetaka kupingwa. Mimi nakisoma kwa jicho la tatu. Pande zote mbili zilikuwa zinabishana juu ya masharti ya mkataba ambao ulikuwepo. Mwanafunzi analidai taifa mshahara kamili. Taifa linamdai mwanafunzi jasho lake. Hakuna aliyeuliza kama kazi itakuwepo. Hiyo ilikuwa sawa na kuuliza kama jua litachomoza Mbizi kesho.

Ndiyo maana ukisoma Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1974, Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye kila aina ya mateso ya nafsi: maana ya maisha, mapenzi, Mungu, kifo. Kukosa kazi si mojawapo ya hofu zake. Riwaya ya mhitimu wa Kitanzania ingekuwa na anasa hiyo mwaka 1974. Andika leo riwaya kama hiyo na msomaji wa kwanza atakuuliza, "Sawa, lakini huyu jamaa anakula nini?"

Mwaka huohuo wa 1974 Azimio la Musoma liligeuza mambo kichwa chini miguu juu. Kijana hakuruhusiwa tena kutoka sekondari moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Kwanza JKT, kisha kazini, halafu mwajiri na tawi la chama watoe pendekezo kwamba anafaa kusoma. Yaani mwajiri ndiye aliyempeleka mtu chuoni! Sheria hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, na ilikuwa na matatizo yake, hasa kwa fani za sayansi. Lakini itazame kama historia ya kuajiri, utaona ilivyozidi hata ile aotagai ya Wajapani. Shamba lilinunuliwa kabla mbegu haijaota.

Basi nini kilitokea?

Pesa iliisha, kwa kifupi. Uchumi wa miaka ya 1980 tunaujua: foleni za sukari, mashirika ya umma yenye hasara, na mwaka 1986 makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi kwa maelfu na kusitisha ajira mpya, mashirika yakawekwa sokoni. Mhitimu hakupangiwa tena kituo, isipokuwa wa fani chache kama ualimu na afya. Wakati huohuo vyuo vikaanza kuongezeka, vya umma na vya binafsi. Lango likawa dogo, umati ukawa mkubwa.

Hapo ndipo bahasha ya kaki ilipozaliwa. Vijana wa miaka ya 1990 na 2000 ndio wa kwanza nchini kutembea na vyeti kwapani wakigonga ofisi moja baada ya nyingine. Ndio wa kwanza pia kukutana na lile sharti kwenye matangazo ya kazi: uzoefu usiopungua miaka mitatu. Tumelizoea mno hatulioni tena, lakini lina historia. Lilianza kuwa la kawaida pale mwajiri alipoacha kujiona ana wajibu wa kumfundisha mgeni. Maana yake ni kwamba gharama ya kumwivisha mtu ilipe mwingine. Na kila mwajiri akisema hivyo, huyo mwingine hayupo.

Kuna badiliko lingine ambalo halikupigiwa kelele na ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi. Imewasomesha watoto wa wakulima wengi mno, wakiwemo wa hapa Milanzi, na bila hiyo wengi wasingekanyaga chuo. Lakini linganisha karatasi mbili. Mwanafunzi wa 1965 alisaini kwamba atalipa kwa miaka 5 ya kazi, na aliyemsainisha ndiye aliyempa hiyo kazi. Mwanafunzi wa leo anasaini kwamba atalipa kwa fedha, na akiajiriwa asilimia 15 ya mshahara wake inakatwa. Kuhusu kazi yenyewe karatasi iko kimya. Zamani kamba ilishikwa ncha mbili. Leo ncha ya mhitimu bado imefungwa, ile nyingine imeachiwa.

Serikali haikukaa tu. Marekebisho ya sheria ya 2007 yalileta Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ili ajira ziende kwa usaili wa haki na si kwa kujuana. Lengo ni zuri, na anayetoka familia isiyo na mjomba ofisini ana kila sababu ya kulitetea. Lakini usaili unachagua tu, hauongezi viti. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilipoita watu kwenye usaili wa nafasi 70, walijitokeza zaidi ya 10,000, ikabidi wafanyie mtihani kwenye majukwaa ya Uwanja wa Taifa. Picha ile ilizunguka dunia. Watu wakacheka, wakalia, wakaendelea na maisha.

Halafu ukaja 2016. Rais Magufuli alisitisha ajira ili wafanyakazi hewa wahakikiwe, na Aprili 2017 ikatangazwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti feki. Usafi ule ulihitajika. Ila waliokuwa mlangoni wakisubiri walikuwa na vyeti halali. Hadi hapo mwalimu aliyemaliza chuo aliweza kutarajia kupangiwa shule. Kuanzia wahitimu wa 2015 matarajio hayo yalikatika. Mwaka 2025 walimu wasio na ajira waliomaliza kati ya 2015 na 2023 walijikusanya katika umoja walioupa jina NETO. Moja ya hoja zao ilikuwa kupinga kufanyiwa usaili upya, ilhali walikwishafaulu chuoni na wengine wamefundisha kwa kujitolea miaka na miaka.

Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane. Lakini angalia jinsi wanavyojitambulisha: kwa mwaka wa kumaliza. Hilo Wajapani wanalijua vizuri. Waliomaliza vyuo huko kati ya 1993 na 2005 hivi, uchumi ulipoporomoka, wanaitwa kizazi cha zama za barafu. Walikuta lango limefungwa, na lilipofunguliwa tena kampuni zikaendelea kuchukua wabichi wa mwaka huo, si wao. Mwaka 2019 mji mdogo wa Takarazuka ulitangaza nafasi 3 za kazi kwa watu wa kizazi hicho tu. Maombi yalifika 1,816. Ukichukua wastani kwa kila nafasi, msongamano wa Takarazuka uliuzidi hata ule wa Uwanja wa Taifa karibu mara nne. Mwaka huohuo serikali ya Japani ikatangaza mpango wa kuwaingiza watu 300,000 wa kizazi hicho kwenye ajira za kudumu ndani ya miaka 3. Walichelewa sana, kijana wa 1995 alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Lakini angalau walikiri kwa jina kwamba kuna watu waliopitwa si kwa uvivu, bali kwa tarehe.

Huku kwetu kukiri huko bado. Mhitimu wa 2015 anayekwenda steshenari ya Sumbawanga kutuma maombi kwenye mfumo wa ajira anaambiwa ajiajiri, awe mbunifu, aache kuchagua kazi. Ushauri si mbaya, na wengi wameufuata: wanalima, wanafuga, wanauza vifaa vya simu. Ninachokataa ni kuufanya kuwa maelezo ya historia. Kizazi cha wazee wetu hakikujiajiri. Kilichukuliwa mkono, kikapewa kiti, kikafundishwa kazi, kikapandishwa vyeo, kikastaafu na pensheni. Kumwambia mtoto kwamba baba alifanikiwa kwa juhudi tu ni kuficha nusu ya habari.

Hatuwezi kuirudisha 1965. Wahitimu walikuwa makumi, leo ni makumi elfu kila mwaka, na serikali iliyojaribu kumwajiri kila mtu tuliona ilikoishia. Lakini wazo la mwajiri kumpokea mgeni halijafa lote. Madaktari watarajali bado wanapokelewa: mwaka mzima hospitalini chini ya wakubwa zao, wakilipwa posho, na hakuna anayewadai uzoefu kwanza, maana kila mtu anaelewa kwamba daktari haivi peke yake. Mhandisi je? Mhasibu je? Mwandishi wa habari je? Kampuni za simu, benki na migodi zinazovuna wahitimu waliosomeshwa kwa mkopo wa umma, je, zingeona ajabu kutakiwa kupokea wabichi kadhaa kila mwaka na kuwalipa wakati wanajifunza?

Na ile karatasi ya mkopo, je, haiwezi kuwa na ncha ya pili? Si lazima iwe ahadi ya ajira ya kudumu. Hata mwaka mmoja wa kazi ya kulipwa, mahali popote, Milanzi au Masasi, ungetosha kumpa kijana kile kitu ambacho kila tangazo la kazi linamdai na hakuna anayekitoa.

Yule mnunuzi wa mahindi mabichi tunamlaumu, na ana ya kulaumiwa. Ila anakuja na gari lake siku ya mavuno, kwa sababu fedha yake iko shambani. Mhitimu wa leo ameiva na ana deni, na hakuna aliyeweka kitu kwake kiasi cha kuona hasara akiozea shambani.